Kitabu cha Waovu na Mtoto Asomaye

Wako wazee, na walimu wenzangu pia, wasemao kwamba kitabu cha picha ambacho wakuu wake ni watu waovu kisiingie kamwe mkononi mwa mtoto. Mimi nalipinga neno hilo, nami nitalipinga kwa kitabu kimoja: toleo la kwanza la Thunderbolts, lililotolewa kwa Kiingereza na Marvel ya Marekani mwaka 1997. Mwandishi wake ni Kurt Busiek, na mchoraji ni Mark Bagley.

Habari yake ni hii. Mashujaa wakubwa wametoweka vitani, na watu wadhani wamekufa. Mji wa New York hauna mlinzi. Ndipo latokea kundi jipya la watu sita, wenye mavazi ya kung'aa na majina mageni. Wawapiga wanyang'anyi, na mji wawashangilia. Mwishoni barakoa zavuliwa: mkuu wao ni Baron Zemo, na wenzake ni wahalifu wale wale wa zamani. Wamebadili nguo ili waaminiwe, na wakiisha kuaminiwa, watawale.

Basi nawauliza wakatazao: hapo mtoto amedhurika nini? Vitabu vingi vya mashujaa humchora mwovu kwa sura ya kutisha, hata mtoto adhani kwamba uovu hujulikana kwa macho. Uongo huo ndio wenye hatari. Nendeni sokoni Kariakoo mkanunue fungu la nyanya bila kuligeuza. Nzuri zi juu, mbovu zi chini. Simameni katika viwanja vya Mnazi Mmoja siku ya mkutano. Makofi ya umati hayapimi moyo wa msemaji. Wagibeoni walipomwendea Yoshua walichukua mkate wenye ukungu na viatu vilivyochakaa. Wakuu wa Israeli wakautazama mkate, wasimwulize Mungu. Je, tuifunge Biblia nayo, kwa kuwa wadanganyifu wamo ndani yake?

Watajibu, "Mtoto atawapenda waovu hao." Naam, atawapenda, kama mji ule ulivyowapenda, kisha atajua kwamba sifa njema yaweza kuvaliwa kama kanzu. Tena matoleo yaliyofuata yaonyesha jambo kubwa zaidi. Baadhi yao, kama yule aitwaye Songbird, wakiisha kuonja utamu wa kutenda mema, walimwasi Zemo mwaka 1998. Sisi tuhubirio toba kila Jumapili, twaogopaje hadithi ya mwovu ageukaye?

Sikisifu chote. Mapigano yamezidi, na mtoto aachaye kabla ya mwisho atabaki na uongo mtupu. Kwa hiyo dawa si kumnyang'anya kitabu. Mzazi na aketi naye, amfasirie maneno, nao wasome pamoja hata ukurasa wa mwisho. Mtoto asiyefundishwa kumtambua ndumilakuwili kitabuni atakutana naye njiani, wala hapo hapatakuwa na mwalimu karibu.