Kutoka Issenye hadi Terminal 3: nani anaunganisha safari ya mnyonge?

Leo tuzungumzie safari. Siyo zile za kupiga picha na kurusha mtandaoni, bali safari ya kijana wa kijijini anayetakiwa kuwahi ndege ya kwenda ughaibuni.

Mwaka jana mdogo wangu, mtoto wa baba mkubwa, alipata nafasi ya kusoma Ujerumani. Nyumbani kwetu ni Issenye, wilaya ya Serengeti. Nauli ya ndege ilitokana na ng'ombe wanne na michango ya ukoo. Tiketi ilikuwa ya aina ile ya bei nafuu: ukichelewa, imekula kwako. Ndege ilikuwa inaondoka Dar es Salaam siku ya Alhamisi, saa 10 jioni.

Baba mkubwa akanipigia simu. "Mwanangu, wewe ndiye mtu wa mjini. Nimepiga hesabu. Kijana apande basi Bunda Jumatano alfajiri, usiku anashuka Dodoma, Alhamisi asubuhi anapanda treni ya umeme. Saa 5 yuko Dar. Au siyo?"

Kwenye karatasi, mzee alikuwa sahihi kabisa. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inakwenda Dar hadi Dodoma, kilomita kama 460, kwa muda usiozidi saa nne hivi. Watu wengi wa Kanda ya Ziwa sasa wanafanya hivyo hivyo: basi mpaka Dodoma, kisha treni. Mkoa wetu wa Mara hauna reli hata ya kuchezea. Ile ya Tanga, Arusha hadi Musoma tumeisikia kwenye hotuba miaka nenda rudi, lakini garimoshi limeishia Arusha tangu 1929. Reli ya zamani ilifika Mwanza mwaka 1928 na bado ipo, ila kutoka Mwanza mpaka Dar ni karibu siku mbili, na treni haiondoki kila siku. Reli hiyo nayo ina ugonjwa wake: masika yakikolea, kipande cha Kilosa hadi Gulwe huwa roho juu. Mafuriko ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliisimamisha kwa miezi. SGR ya Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, iliwekewa jiwe la msingi Juni 2021, na bado tunaisubiri.

Nikamwambia, "Baba, shikamoo tena. Hesabu yako ni nzuri ila haina nafasi ya kupumua. Kijana aondoke siku moja kabla."

Mzee akanung'unika. Siku moja zaidi ni chakula zaidi na pengine gesti. Akakubali kwa shingo upande.

Basi Jumatatu kijana akashuka Bunda, akalala kwa shangazi. Jumanne alfajiri akapanda basi. Katikati ya Nzega na Igunga basi likafa. Abiria wakakaa chini ya miti, fundi akaja, kifaa kikafuatwa mjini. Badala ya kuingia Dodoma saa 4 usiku, wakaingia saa 1 asubuhi ya Jumatano. Kwa makusudi nilikuwa nimemkatia tiketi ya treni ya alasiri, kwa hiyo akaoga, akala, akapanda. Jioni alikuwa kwangu Gongo la Mboto, anacheka.

Sasa rudi kwenye hesabu ya baba mkubwa. Kama angeondoka siku moja baadaye, basi lile lile, ajali ile ile, treni ya asubuhi ingekuwa imeshaondoka. Angekamata ya mchana, angefika Dar kaunta ya mizigo imeshafungwa. Ng'ombe wanne wangepaa na ndege, kijana angebaki chini.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo, wadau. Mtu wa Masaki akitaka kuwahi ndege anahitaji saa mbili za tahadhari kwa ajili ya foleni. Mtu wa Issenye anahitaji siku nzima, au mbili. Tahadhari hiyo ni pesa, na anayeilipa ni yule asiye nayo. Tunapowaambia watu "panga safari yako vizuri," tunasahau kwamba kupanga vizuri nako kuna bei.

Na kuna jambo lililoniuma zaidi. Tiketi ya kijana ilikuwa na kipande cha treni ndani yake, kutoka uwanja wa Frankfurt hadi mji anaosoma. Wajerumani wana stesheni ya treni za masafa pale pale uwanjani, tangu 1999. Unashuka kwenye ndege, unakokota begi, unapanda. Msiseme hayo ni ya Wazungu tu. Afrika Kusini waliifikisha Gautrain kwenye uwanja wa OR Tambo Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia.

Sisi je? Tuna Terminal 3 nzuri, imezinduliwa Agosti 2019. Tuna treni ya umeme inayokwenda kilomita 160 kwa saa. Na reli yenyewe inapita Banana na Karakata, jirani kabisa na uwanja! Abiria wa kutoka Dodoma anaupita uwanja, anapelekwa mpaka katikati ya jiji, halafu anarudi kwa teksi kupitia Barabara ya Nyerere huku anaangalia saa. Mjanja anashuka Pugu, kama treni yake inasimama pale, kisha anatafuta bajaji na mabegi yake mawili. Hizo ni mali mbili za taifa moja ambazo hazijatambulishwa.

Kinyume chake, pale kwetu, ndani ya Grumeti, kuna kiwanja kidogo cha ndege, Sasakwa. Mtalii anatoka New York na karatasi moja yenye safari nzima: ndege kubwa, ndege ndogo, gari, kitanda. Ndege ikichelewa kuna mtu anapiga simu na kupanga upya. Anatua kilomita chache tu kutoka kwa baba mkubwa. Kijana wa pale pale akitaka kwenda upande wa pili, anaunganisha mwenyewe vipande vinne, na kila mwenye kipande anasema, "Mimi mwisho wangu hapa."

Simchukii mtalii, hela yake tunaihitaji. Ninachouliza ni kwa nini utaratibu huo unawezekana kwa mgeni tu.

Sidai stesheni ya chini ya ardhi. Nadai vitu vitatu vya bei ndogo. Kwanza, basi lenye ratiba kati ya Pugu na Terminal 3, linalosubiri treni. Pili, treni na mashirika ya ndege wauze tiketi ya pamoja, ili treni ikichelewa abiria asafirishwe na ndege inayofuata bila kulipa upya. Tatu, SGR ya Mwanza itakapofika, ratiba yake ipangwe kwa kuangalia saa za ndege, siyo saa za vikao vya Dodoma peke yake.

Mpaka siku hiyo, wewe mwenye ndugu kijijini, mpangie kwa kuanzia mwisho. Anza na saa ya ndege, rudi nyuma saa tatu za uwanjani, rudi nyuma treni, halafu weka usiku mmoja mtupu kabla ya kuhesabu basi. Usiku huo mtupu siyo uvivu. Ndiyo bima pekee tuliyonayo.

Baba mkubwa alinipigia kijana alipofika. Hakusema asante. Alisema, "Kumbe ile siku moja ilikuwa na bei ya ng'ombe wanne."

Naomba kutoa hoja.