Mbwa wa Kuingia Kikombeni

Ndugu zangu wa Arusha na Moshi,

Barua hii nilikuwa nimuandikie binamu yangu peke yake. Ameniomba nimtafutie jike na dume la wale mbwa wadogo kupindukia wanaoitwa "tikapu", yaani kikombe cha chai, awazalishe na kuuza. Lakini kwenye makundi ya WhatsApp ya nyumbani naona wengine nao wanawaulizia, na bei zinazotajwa ni za kununulia pikipiki. Basi niseme na wote kwa mpigo: sitamtumia mtu, na nawaomba msiagize kwa mwingine.

Mimi si daktari. Ni msaidizi katika kliniki ya wanyama hapa Leicester, England. Kazi yangu ni kushika, kupima uzito, kusafisha vidonda na kutuliza wenye mbwa, ambao mara nyingi ndio wagumu zaidi. Ninayoyaandika ni ya mezani kwetu.

Kwanza, hakuna aina ya mbwa iitwayo tikapu. Kennel Club ya Uingereza haiitambui, na ya Marekani vilevile. Hilo ni jina la biashara. Chihuahua wa kawaida ana kama kilo 2 hadi 2.7, Yorkshire terrier anafika kilo 3.2. Hao ni wadogo, na sina ugomvi nao. Yorkshire alikulia kwenye viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza karne ya 19, akikamata panya, na Chihuahua aliyezaliwa vizuri anaweza kuishi miaka 14 na zaidi huku akibwekea kila anayepita. Tatizo linaanza pale mtu anapotaka mbwa aliyekomaa wa kilo moja, au chini yake.

Anampataje? Anamchukua aliyezaliwa dhaifu kuliko wote katika uzao, ambaye mfugaji mwenye akili angemwacha asizae, anampandisha na dhaifu mwenzake, mara nyingi ndugu yake wa damu. Watoto wakitoka anachagua tena walio wadogo. Wapo wanaowanyima chakula ili wadumae, na wapo wanaouza mtoto wa wiki tano wakiapa kwamba ana wiki kumi. Mnunuzi anaona udogo. Haoni kwamba ni njaa au umri.

Tuliletewa mmoja ndani ya mkoba wa mkononi, amelegea, ufizi umepauka. Mizani ikasoma gramu 640. Kosa lake lilikuwa kutokula tangu asubuhi, basi. Mbwa wa kawaida akikosa mlo mmoja ananung'unika tu. Mwili wa namna hii hauna akiba; sukari ya damu inashuka ndani ya saa chache na degedege linafuata. Nikampaka glukosi kwenye ufizi kwa kidole huku daktari akitafuta mshipa kwenye mguu wa mbele, na sindano nyembamba kuliko zote tulizonazo bado ilikuwa nene kwa mshipa ule. Nilipomshika kichwa, nikausikia utosi chini ya kidole gumba, laini kama wa kichanga, na yeye alikuwa na miezi minne. Alizinduka. Baada ya muda akarudishwa, mguu umevunjika: aliruka kutoka kwenye kochi.

Mwenye mbwa yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa analia. Alimnunulia koti la sufu na kitanda, akampikia kuku. Ndiyo maana jambo hili linawapita watu wengi: ukatili tunaoujua ni wa fimbo na mnyororo, na hapa hakuna aliyempiga mbwa. Aliyemuumiza alifanya hivyo siku alipochagua baba na mama, na aliyemlipa ndiye huyu anayelia.

Mambo mengine nayataja kwa kifupi. Mbwa, awe wa kilo moja au wa kilo arobaini, ana meno 42. Kwenye taya la ukubwa wa ndimu yanabanana na kuoza. Pia ya goti inateguka. Bomba la hewa linasinyaa, anakohoa kila akifurahi. Wengine maji yanajaa kichwani. Jike mara nyingi hawezi kuzaa bila kupasuliwa, na dawa ya usingizi kwa mwili mdogo hivyo ni hatari yenyewe.

Sheria huku zipo. Tangu 2018 kanuni za England hazimruhusu mfugaji mwenye leseni kuzalisha mbwa ambaye maumbile yake yanatarajiwa kumdhuru yeye au watoto wake. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Norway ilizuia uzalishaji wa Cavalier King Charles, mbwa ambaye fuvu lake mara nyingi ni dogo kuliko ubongo wake. Lakini sheria inakimbizana na sifa, na sifa ina mbio. Guinness walishaacha kupokea rekodi za wanyama wanene, watu wasije wakawalisha kupita kiasi. Rekodi ya mbwa mfupi kuliko wote wanaipokea mpaka leo. Aliyewahi kuishika, Miracle Milly wa Puerto Rico, mwenye kimo cha sentimita 9.65 tu, alikuja kutengenezewa nakala 49 kwenye maabara ya Korea Kusini. Arobaini na tisa! Mimi sijaona bado anayehitaji hata mmoja.

Najua Baba Mkubwa atasema: watu wanalala njaa, wewe unalilia mbwa wa Wazungu. Baba Mkubwa, shikamoo. Ninachowaambia vijana ni wasitumie akiba yao kununua ugonjwa. Madaktari wetu wa mifugo ni hodari, wengi wamepikwa Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro, lakini nani atampasua jike wa kilo moja saa nane usiku, umeme umekatika, watoto wanahitaji joto na maziwa kila baada ya saa mbili tatu? Kupe wakimjaa wanaweza kummaliza damu. Na mwewe wa Arusha hatauliza kama huyu ni kifaranga au ni mtaji wa mtu.

Wala sisemi mbwa koko wetu wanaishi peponi. Wanapigwa mawe, hawachanjwi, wengi wanakufa kwa kichaa. Ila miguu yao inawabeba na wanazaa wenyewe chini ya ghala, na fedha ya tikapu mmoja ingechanja mbwa wa mtaa mzima.

Atakayenunua hata hivyo, afanye walau linalotakiwa hapa England tangu sheria iitwayo ya Lucy, ya Aprili 2020: amuone mtoto akiwa na mama yake, pale alipozaliwa. Muulize muuzaji mama ana kilo ngapi, amepasuliwa mara ngapi, baba ni nani yake. Akijibu kwamba mama yuko shamba, mwambie unayo nauli, mnaondoka lini.