Elimu ya Nyumbani: Gari Kuukuu Lililoacha Kupoza

Mwezi huu twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, nalo ni kiyoyozi cha gari kuukuu. Lakini hapana jambo dogo ikiwa ndani ya gari hilo mna mgonjwa.

Gari letu ni Hiace ya zamani. Nyuma tumeondoa viti, tukaweka kitanda, sanduku la vyombo na mapazia. Watoto huliita nyumba ya magurudumu. Ndilo tunalolipanda kwenda Kisawasawa kuwaamkia wazee. Mwaka jana, mwezi wa Novemba, tulikwenda kumchukua bibi yetu tumpeleke hospitali Ifakara.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Je, hili ni gari la kunipeleka kwa daktari, au ni tanuri la kuokea mikate?”

Tulicheka sote, lakini kicheko hakikudumu. Kabla ya kufika nusu ya njia bibi alikuwa kimya, midomo imekauka, hataki hata kujibu. Tulisimama chini ya mwembe, tukampepea, tukamlowesha uso na kumnywesha maji hata akarejewa na nguvu. Alhamdulillahi, tulifika salama. Lakini aibu ilibaki kwetu, kwani tulijua kwamba kiyoyozi ni kibovu. Katika mwaka ule ule tulikwisha kulipia gesi mara tatu, na killa mara baridi ilidumu majuma machache, kisha ikatoweka.

Basi tukamwendea fundi mwingine, mtu mzima mwenye maneno machache. Yeye hakugusa chupa ya gesi. Alifungua mbele ya gari, akatuita tutazame. Kondensa, ule wavu wa mabomba membamba ulio mbele ya rejeta, ulikuwa umezibwa kwa matope, makapi ya mpunga na masizi ya mashamba ya miwa yanayochomwa kabla ya kuvunwa. Feni yake ilikuwa haizunguki. Na penye maungio ya bomba moja palikuwa na doa la mafuta lililoshika vumbi. “Gesi yenu ilipita hapa,” akasema.

Yafaa tufahamu namna chombo hiki kinavyofanya kazi. Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Huchukua joto la ndani na kulitupa nje. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huisukuma gesi mpaka ikawa na joto kali. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ikapoa kwa upepo na kugeuka kuwa maji. Kisha hupita katika tundu jembamba, ikapanuka na kuwa baridi sana ndani ya koili iliyo nyuma ya dashibodi, na hapo ndipo hewa ya gari hupozwa. Ikiwa kondensa imezibwa, joto halina pa kutokea, nalo hurudi kwetu. Tena katika bonde la Kilombero hewa ina unyevu mwingi, na sehemu kubwa ya nguvu za kiyoyozi hutumika kuukamua unyevu huo. Ndiyo sababu chombo kilichochoka kidogo huonekana kimechoka sana. Maji yanayodondoka chini ya gari ni dalili njema. Yakilowesha sakafu ya ndani, mrija wa kuyatoa umeziba.

Sasa, kabla hujatoa fedha, jiulize maswali haya kwa taratibu.

Kwanza, je, upepo unatoka kwa nguvu? Ukiwa dhaifu, tazama chujio la hewa, ikiwa gari lako linalo, na feni ya ndani. Upepo ukianza kwa baridi kisha ukafifia, huenda koili imeganda barafu.

Pili, je, gari hupoza likienda na hutoa joto likisimama? Hapana shaka utazame feni ya kondensa na uchafu. Safisha kwa maji ya nguvu ndogo, injini ikiwa imezimwa na imepoa, usije ukavipinda vile vibati vyembamba.

Tatu, je, joto ni lile lile likienda na likisimama? Tazama mkanda usiwe umelegea, na kompresa kama inashika. Usisahau vali ya maji ya moto ya hita. Ikivuja, baridi na moto hupigana ndani ya gari. Na katika gari kama letu, ambalo injini i chini ya viti vya mbele, tazama kifuniko chake na raba zake. Zikichakaa, joto hupanda moja kwa moja.

Ukiisha hayo ndipo uzungumze habari ya gesi. Gesi hailiwi wala haichakai, ikipungua imevuja. Kujaza bila ya kuziba ni kumimina maji katika pakacha. Wala kuzidisha si kuongeza baridi. Gesi ikizidi, ubaridi hupungua. Magari ya kabla ya katikati ya miaka ya 1990 aghalabu yalitumia R-12, ambayo huharibu tabaka la ozoni na ikaondolewa kwa Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Mengi yaliyofuata yalitumia R-134a. Hizi mbili hazichanganywi. Na gesi ya kupikia isitiwe kamwe, kwani huwaka moto. Usifungue mabomba wewe mwenyewe. Gesi ikikurukia huunguza ngozi kwa baridi yake.

Nanyi mafundi, ndugu zetu, twawakumbusha kwa mapenzi: mwenye gari hajui mnayoyajua, naye amewaamini. Anayeuza gesi ilhali ameona tundu amepokea fedha ya kazi asiyoifanya.

Neno la mwisho ni kwa wazazi. Hata kiyoyozi kizuri huzimika pamoja na injini. Gari lililofungwa juani hupanda joto karibu nyuzi 10 za Selsiasi katika dakika 10 za mwanzo. Mtoto au mzee asiachwe humo, hata kwa kusudi la kununua mkate tu.

Bibi yetu amekwisha panda tena gari lile. Alikaa kitambo, akajifunika kanga mabegani, akasema: “Punguzeni, wajukuu zangu, nasikia baridi.” Hatujapata kusikia lawama tamu kama ile.