Punda milia usimgeuze

Jameni, wapiga picha wenzangu wa Isiolo, ongezeni rangi mnavyotaka. Ololokwe ukitoka mwekundu kuliko ulivyo jioni, sitagombana na mtu. Lakini hii tabia ya kugeuza picha, kushoto iwe kulia, eti ndio punda milia aangalie mlima? Hapo nakataa.

Mistari ya punda milia wa Grevy ni kama alama za vidole. Hakuna wawili wanaofanana, na hata ubavu wa kulia wa mnyama mmoja si sawa na wa kushoto. Ile hesabu ya Great Grevy's Rally ya 2016 ilitumia picha za watu wa kawaida, ubavu wa kulia, kisha kompyuta ikalinganisha mistari. Sasa wewe ukigeuza wa kushoto, umezaa punda milia ambaye hayuko! Na hawa wamebaki wachache, wengi wao huku kwetu kaskazini.

"Ni ya Insta tu." Sawa, posti. Ila ile orijino iache vile ilitoka kwa kamera, na tarehe na mahali pake. Kifaru ndiye tofauti: lokesheni yake ifute kabla hujaposti, majangili pia wana simu.