Kukataa Maziwa Si Kukataa Ukwe



Sisi ni mafundi cherehani wa Kayanga, huku Karagwe. Wateja wetu wengi ni mabibi harusi na mama zao. Wengine hutoka Omurushaka, wengine hupanda gari kutoka Nkwenda na Isingiro, upande wa Kyerwa. Mwanamke akishavua baibui akasimama apimwe kiuno, siri huanza kutoka zenyewe. Siri moja tumeisikia mara nyingi mpaka tumeona tuiandike: "Maziwa yananisumbua tumbo, nami naolewa kwenye ng'ombe. Nitafanyaje?"

Aliye Unguja au Pemba anaweza kucheka. Huku si jambo la kuchekwa. Hii ni nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu, na mgeni wa heshima hupewa maziwa. Mzungu Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwaka 1861, aliandika habari za wanawake wa nyumba ya kifalme walionyweshwa maziwa mpaka wakanenepa wasiweze kusimama. Huo ndio uliokuwa uzuri. Leo hatunyweshani hivyo, lakini bado mwali anapokisukuma kikombe mbele ya mama mkwe, mama mkwe husikia: "Nyumba yako sikuitaka."

Tulimshonea mmoja nguo ya nikaha, akaolewa, akanyamaza. Kila asubuhi alikunywa, akajifungia chooni. Mwezi haukuisha wakwe wakaanza kunong'ona kwamba ana mimba, wengine kwamba ana ugonjwa kaficha. Aliporudi kwetu kupunguza nguo, ilimpwaya kwenye mabega. Tulilia naye.

Dada zetu, huu si ugonjwa wa aibu wala si deko. Watu wazima wengi duniani, na Waafrika wengi miongoni mwao, mwili hupunguza nguvu ya kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa, tumbo likajaa gesi na kuendesha. Wengine wakinywa mtindi hupata nafuu, kwa sababu sukari hiyo hupungua maziwa yakiganda. Maziwa ni neema, na Surat An-Nahl imeyataja kuwa ni neema. Lakini neema haigeuzwi adhabu ya kumpima mtoto wa watu.

Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: sema mapema, kabla ya nikaha, kwa mchumba na kwa somo wako. Na ukienda kwako, usiende mikono mitupu. Nenda unajua kutengeneza maziwa yako mwenyewe.

Hapa ndipo tunapogombana na mabibi harusi wetu. Wameona kwenye simu maziwa ya lozi ya boksi, wanataka yaandikwe kwenye orodha ya zawadi. Shoga, boksi likiisha utamwomba nani? Mwenye karanga ndani ana maziwa. Chukua kikombe 1 cha karanga mbichi, loweka usiku kucha, mwaga maji yale, menya. Saga na vikombe 4 vya maji safi, chuja, kisha chemsha kwa moto mdogo huku ukikoroga. Tia iliki na tende mbili zilizosagwa. Hapo unapata karibu lita nzima. Huna blenda? Kinu kipo. Makapi usimwage, yatie kwenye mboga.

Soya ni hivyo hivyo, ila iloweke zaidi, uisugue maganda yatoke, na ukishaichuja uichemshe dakika 20 kamili. Soya mbichi huumiza tumbo, nawe tumbo ndilo unalolikimbia. Nazi mnaijua nyinyi wa visiwani kuliko sisi: mbuzi, kifumbu, tui zito kisha tui jepesi. Huku milimani nazi hufika kwa lori, kwa hiyo tunaiweka kwa siku ya wali.

Kwenye kuchuja, tusikilizeni mafundi. Kitambaa kizuri ni bafta nyeupe ya pamba. Ifue kwanza kwa maji ya moto, wanga wa kiwandani utoke. Bitana haifai, inateleza na haipitishi vizuri. Tunashona vifuko vya kuchujia kwa vipande vinavyobaki, na kila bibi harusi wetu anaondoka na kimoja. Kifue kila siku, kianike juani, kisichache.

Lakini tusidanganyane. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au chungu, itupe. Usiseme nitaikaanga itapona, kwani sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo. Anayedhurika na karanga asiguse kabisa. Kinywaji chenyewe kinywewe siku hiyo hiyo kama huna friji. Na usidhani kina kila kilichomo kwenye maziwa ya ng'ombe: madini ya kujenga mifupa ni machache, kwa hiyo kula dagaa na mifupa yake.

Kubwa kuliko yote: haya si maziwa ya mtoto mchanga. Miezi 6 ya mwanzo ni ziwa la mama peke yake. Tumemwona mama akimpa mtoto maji ya karanga kwenye chupa kwa kuiga mambo ya simu. Tafadhali, msifanye. Maziwa ya mama yakikataa kutoka, kimbilieni kliniki.

Yule dada yetu alirudi kwa mumewe na kifuko cha bafta na kilo ya karanga. Alimwambia mama mkwe ukweli, kwa adabu, amepiga goti. Mama alinyamaza, kisha akasema hata yeye tangu ujanani hunywa mtindi tu, maziwa mabichi humkoroga. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza!

Nyinyi mlio wakwe, muulizeni mwali kabla ya kumhukumu. Nawe mwali, fungua kinywa kwa upole. Allah atie baraka katika nyumba zetu na vikombe vyetu. Amin.