Wahitimu wa ukubwani na mfuko wetu wa zaka



Wiki mbili zilizopita kamati ya msikiti wetu ilinipa kazi ya kuandika barua ya mwaliko. Tulikusudia, katika hafla ya kufunga mwaka wa madrasa, kumtunuku dada mmoja wa mtaani kwetu aliyehitimu stashahada ya uuguzi na ukunga akiwa na umri wa miaka 36, ambaye sasa anahudumu katika wodi ya wazazi. Nilifungua jalada la barua za zamani ili niyapate majina yake matatu kwa usahihi. Nililolikuta humo ni ombi lake la miaka minne iliyopita, la kusaidiwa ada ya muhula mmoja, na nyuma yake nakala ya majibu yetu. Majibu yale niliyaandika mimi. Yalisema, kwa lugha ya heshima sana, kwamba mfuko wa zaka ni wa mafakiri na masikini, kwamba masomo ya mtu mzima si dharura, na kwamba kamati inamwombea kheri.

Mwezi ule ule tulikuwa tukichangisha fedha za zulia jipya. Zulia lilipatikana.

Dada huyu aliacha shule akiwa kidato cha pili, akaolewa. Alipofikisha miaka 28 alirudi nyumbani kwa mama yake akiwa na talaka na watoto watatu. Alikuwa akikaanga maandazi kabla ya Alfajiri na kuyauza mbele ya lango letu. Wengi wetu tumeyala. Jioni alikwenda kituo cha elimu ya watu wazima. Utaratibu wa elimu bila ada ulioanza mwaka 2016 ni wa watoto walioko katika shule za Serikali, haukumfikia yeye. Ada ya kituo ilitoka kwenye maandazi. Alianza na Mtihani wa Maarifa, kisha akafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Fizikia ikamwangusha. Vyuo vya uuguzi vinataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, hivyo alama yake nzuri ya Elimu ya Dini ya Kiislamu haikuweza kumvusha. Alirudia mtihani mwaka uliofuata, akafaulu, akaingia chuoni kwa miaka mitatu, na watoto wakabaki kwa bibi yao.

Ni katika mwaka wa kwanza wa miaka hiyo mitatu ndipo alipotuandikia.

Nimejiuliza tulikosea wapi, kwa kuwa hatukukosa huruma. Nadhani tulikosea katika fiqhi, na mimi niliyesoma chuo ndiye niliyepaswa kuliona kosa hilo kwanza. Allah (S.W.) ametaja mafungu manane ya wanaopewa zaka katika Surat At-Tawba, aya ya 60, na mafungu mawili ya mwanzo ni mafakiri na masikini. Mama aliyeachwa na watoto watatu, anayeishi kwa maandazi, yumo ndani ya mafungu hayo kabla hata hajafungua daftari. Hatukuwa na haja ya kuuliza kama mwanafunzi anapewa zaka au hapewi. Tulichoruhusu kituchanganye ni neno "ada". Kama angeomba mchele, angepewa siku ile ile.

Imam Nawawi, ambaye vitabu vyake ndivyo tunavyovisoma pwani yote hii ya Mashafi'i, ameeleza katika Al-Majmu' kuwa fakiri mwenye ufundi hupewa kiasi cha kununulia zana za kazi yake, na mfanyabiashara hupewa mtaji, ili watoke katika ufakiri wasirudi tena mlangoni mwa mtoaji. Fundi seremala tungemnunulia randa na msumeno bila mjadala. Cheti cha muuguzi ndio msumeno wake. Naye Imam Ghazali, katika mlango wa elimu wa Ihya, ameihesabu tiba kuwa ni faradhi ya kutoshelezana, na akalalamika kwamba watu wanasongamana katika mabishano ya fiqhi ilhali miji haina tabibu Muislamu. Alifariki mwaka 505 Hijria. Lalamiko lile lingeweza kusomwa katika kikao chetu cha kamati na hakuna ambaye angelishangaa.

Mzee mmoja wa kamati, nilipolileta jambo hili, alisema: "Katibu, mfuko ni mdogo. Ukiufungulia wanafunzi, mjane aliyezoea kupata futari atakula nini?" Hoja hiyo haifai kupuuzwa. Asiye na chakula atangulie, hilo halina ubishi. Lakini hesabu zetu zinaonyesha wajane wale wale, mwaka baada ya mwaka, wakipokea mfuko ule ule wa mchele, na hakuna hata mmoja tuliyemwuliza kama ana binti aliyeishia kidato cha pili. Tena kuna sadaka za Ijumaa, ambazo hazifungwi na mafungu manane. Na kwa wenye hofu ya fedha kupotea: kwa idhini ya mwenye haki, ada inaweza kupelekwa moja kwa moja chuoni na risiti ikahifadhiwa.

Nilikwenda nyumbani kwake kumpelekea mwaliko kwa mkono, nikamweleza pia habari ya nakala niliyoikuta. Hakuonyesha kushangaa. Alisema barua ile anayo, na kwamba muhula ule aliulipia kwa kuuza cherehani ya mama yake. Mama mwenyewe alikuwepo ukumbini, akaitikia kwa kichwa tu.

Tukazungumza juu ya kazi yake. Mama anayekuja kujifungua hutakiwa mara nyingi kufika na vifaa vyake: kanga safi, glovu, pamba. Wapo wanaofika mikono mitupu, wakiona haya, wengine wakisingizia kuwa mfuko umesahaulika nyumbani. Alisema yeye huwatambua mlangoni, kwa sababu mtoto wake wa tatu alizaliwa hivyo hivyo. Katika kabati lake la kazini kuna kanga mbili za akiba, na zikitoka hununua nyingine. Hili hakulisoma chuoni.

Nilipoinuka kuaga, akasema: "Ustadh, nitakuja, na zawadi nitaipokea kwa adabu. Ila naomba mnisomee jina mara moja tu, msinipambe. Mkitaka kunifurahisha, someni barua zilizomo kwenye jalada sasa hivi."

Zimo mbili. Moja ni ya kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, akajiendeleza, na amepata nafasi ya kusomea ustawi wa jamii. Anataka kufanya kazi na mayatima, maana ni yatima mwenyewe. Nyingine ni ya mama wa watoto wawili, umri miaka 31, anayejiandaa na Mtihani wa Maarifa. Zote mbili sijazijibu. Kamati inakutana Jumapili baada ya swala ya Alasiri, na nimeziweka katika ajenda ya kwanza, kabla ya rangi ya mnara.