Kinamasi Si Ardhi Iliyolala

Katika Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Uganda, imezoeleka kusemwa kwamba kinamasi ni ardhi iliyolala, na kwamba maji yanayotuama kati ya mafunjo hayana kazi mpaka mtu ayachimbie mfereji, ayaondoe, kisha apande mpunga. Imani hiyo haina msingi, na hasara yake huwaangukia zaidi wale wasio na bomba wala kisima kirefu.

Kosa lake ni kuyapima maji ya juu ya ardhi, yaani maji ya mito, maziwa na vinamasi, kwa kipimo kimoja katika kila mandhari. Mito Lwakhakha na Malakisi huteremka kutoka Mlima Elgon, wenye kimo cha mita 4,321, na huko kwenye miteremko mikali maji hukata udongo na kuusomba; lakini yakifika nyanda za Malaba na Tororo, ambako mabonde ni mapana na mteremko ni mdogo mno, mto hupunguza kasi, hutawanyika na kutua tope lake. Kinamasi basi ndio mto wenyewe, ukifanya katika tambarare kazi ambayo hauwezi kuifanya mlimani. Mfereji ulionyooka huyarudishia maji mbio, na tope ambalo mafunjo yangelizuia huteremka na Mto Mpologoma kuelekea Ziwa Kyoga au, kwa upande wa Mto Sio, huishia Ziwa Victoria.

Si kweli, kama watetezi wengine wa mazingira wanavyopenda kudai, kwamba kila kinamasi hujaza maji yaliyo chini ya ardhi. Katika mabonde ya namna hii, mara nyingi kinamasi ni mahali ambapo maji yaliyozama vilimani hujitokeza tena, na ndiyo maana mfereji wenye kina unaweza kushusha maji ya chemchemi na visima vifupi vilivyo kando yake, jambo ambalo mchimbaji huligundua kiangazi kikishaingia.

Hoja ya njaa ni nzito na haifai kubezwa, kwa kuwa mashamba ya vilimani yamegawanywa mno kati ya warithi. Hata hivyo, kulima ukingoni na kukausha moyo wa kinamasi ni mambo mawili tofauti. Katiba ya Uganda ya 1995, katika ibara ya 237, huyaweka maeneo hayo chini ya udhamini wa serikali kwa manufaa ya wote, nayo Kenya ilitoa kanuni zake mwaka 2009. Lakini ardhi oevu ya Sio-Siteko imelala juu ya mpaka, na sheria ya kila nchi hukomea mpakani. Kibali cha mfereji kisitolewe upande mmoja kabla ya wanaochota maji upande wa pili kusikilizwa.